Naomba Mnifutie Bima Kabla ya Jumatatu

Ofisi ya Usalama Kazini,
Kiwanda cha Magodoro.
Jumatano.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Bima, ghorofa ya pili.

Ndugu Meneja, ambaye nilikuheshimu kwa dhati hadi jana saa nne asubuhi,

KUHUSU: KAMPUNI YENU KUKATAA KUNIFUTIA BIMA WAKATI NINAHITAJI SANA IFUTWE

Sikuulizi hali, kwa kuwa ofisi inayojibu barua ya mteja ndani ya siku mbili za kazi ni dhahiri kwamba watu wake hawana shida yoyote duniani. Mwenye shida ni mimi, na mlionisababishia ni ninyi.

Mnanifahamu. Mimi ndiye yule afisa usalama wa kiwanda cha magodoro ambaye kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaletea fomu za ajali: yule wa kidole kwenye mashine ya kukatia sponji, yule aliyeteleza kwenye gundi akiwaonyesha wenzake namna ya kutoteleza, na yule aliyepanda juu ya magodoro kumi na mawili ili apumzike kidogo. Sahihi yangu ni ile ndefu yenye mkia. Kiwandani wananiita Kofia Ngumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona bila kofia hiyo, hata siku tulipomuaga mhasibu. Leo siandiki kwa niaba ya kiwanda. Naandika kwa niaba ya figo yangu ya kushoto.

Kwa kifupi mambo ni haya. Dada yangu mkubwa figo zake zimekufa zote mbili, na madaktari wanataka kumpandikiza moja yangu Jumatatu ijayo. Ijumaa iliyopita niliwaandikia kuwauliza kama mteja wenu akitoa figo angali hai bima yake haitafutwa. Niliuliza vizuri. Niliwaachia kila nafasi ya kuniumiza, niliandika hata maneno haya, "naelewa kabisa endapo kampuni italazimika kuchukua hatua kali." Nanyi mkajibu kwamba hakuna hatua yoyote, bima yangu iko palepale, na mnanitakia ujasiri.

Ujasiri! Ningekuwa nao, Ndugu Meneja, ningewaandikia ya nini?

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kwa sababu afisa usalama asiye na namba ni mtu tu anayepiga kelele.

1. Kasi ya jibu lenu. Dole gumba la fundi wetu wa kukata sponji mlilishughulikia kwa miezi saba. Jibu lilipofika dole lilishapona na mwenyewe alishahamia kiwanda cha biskuti. Nikapiga hesabu zangu: kama dole gumba ni miezi saba, figo haiwezi kuwa chini ya mwaka na nusu. Niliitegemea tabia yenu hiyo. Niliwaambia nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeonewa, kwamba mimi niko tayari hata kesho ila tunasubiri bima. Siku mbili za kazi baadaye tarishi wenu yuko getini na bahasha mkononi, anatabasamu. Mmebadilika lini ninyi? Na kwa nini mmeanzia kwangu?

2. Kuninyang'anya kisingizio cha mwisho nilichobakiwa nacho. Hapa inabidi nieleze chanzo, na naomba sehemu hii msiisome kwa sauti ofisini.

Familia ilikutana sebuleni kwa dada, mwezi wa pili tangu aanze kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Daktari alishasema wazi: damu ya dada ni kundi O, na mwenye O hupokea figo ya mwenye O tu. Kaka yetu wa kati ana hiyo O lakini ana presha, amekataliwa. Watoto wa dada bado wadogo. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni fundi rangi na mtu wa maneno machache, alikuwa anakwangua rangi kavu kwenye kucha zake. Hapo ndipo mimi niliposimama. Nilisimama, Ndugu Meneja, nikapiga kifua, nikasema kwamba maadamu mimi ni hai dada yangu hatakosa figo, chukueni ya kwangu, chukueni hata zote mbili. Mke wangu akanivuta shati nikae. Sikukaa. Shangazi akalia. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba sehemu ya mwisho niliirudia.

Ushujaa wote ule ulikuwa na sababu. Kitambulisho changu cha kazi, hiki kinachoning'inia shingoni, kimeandikwa damu kundi B.

Miaka sita iliyopita uongozi uliagiza kila mfanyakazi aandikwe kundi la damu kwenye kitambulisho, ili akikatwa na mashine hospitali isianze kuuliza maswali. Msimamizi wa zoezi nilikuwa mimi. Mtu wa maabara akaja na meza yake na visindano vyake vya kidoleni, watu wakapanga foleni, nami nikashika orodha nikiwahimiza: songa, songa, haiumi, mtu mzima unaogopa nini? Walipokwisha wote tukabaki wawili, mimi na yeye, na akanikaribisha kwenye kiti. Jasho jembamba likanitoka. Nikamwambia nilishapimwa zamani. Kisha nikatazama kwenye orodha mtu aliyekuwa juu yangu, mtunza stoo, mtu mwenye shingo nene na afya njema, ameandikiwa B. Nikaona B ni kundi zuri tu. Nikajiandikia B.

Kitu ukikivaa shingoni miaka sita unakiamini. Kwa hiyo pale sebuleni sikumdanganya mtu. Nilijitolea kwa moyo wangu wote kitu nilichokuwa na uhakika hakitachukuliwa.

Wakanipeleka kupimwa. Muuguzi anayesimamia mambo ya kupandikiza, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alitazama majibu, akatazama kitambulisho changu, akatazama tena majibu. "Baba, wewe ni O. Hiki kitambulisho alikuandikia nani?" Nikamjibu kwamba ni afisa usalama wa kiwandani kwetu, mtu mzembe sana. Akanishauri nikamshitaki.

Tangu hapo mambo yamekwenda mrama. Mimi niliyefeli karibu kila mtihani niliopewa shuleni nimefaulu vipimo kumi na vinne vya hospitali, kimoja baada ya kingine. Mkojo, nimefaulu. Moyo, nimefaulu. Daktari akaangalia picha za figo zangu ukutani akasema ni nzuri sana, akamwita mwenzake naye aje aone. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimefurahi.

3. Kunivunjia heshima ndani ya nyumba yangu. Baada ya vipimo nilibaki na bima tu. Nikaanza kuitaja mezani, kidogo kidogo: unajua, mtu mwenye figo moja kampuni hazimtaki. Unajua, watoto wangu watabaki bila kinga. Mke wangu, kwa bahati yangu mbaya, ni mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kazi yake ni kusikiliza watu wanaoogopa wakieleza sababu nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: umewauliza wenyewe? Nikasema nitawauliza. Akaleta karatasi. Akasimama hapo hapo. Ile barua yangu ya Ijumaa niliiandika nikiwa chini ya ulinzi, na aliyeipeleka ni yeye.

Jibu lenu pia alilifungua yeye. Alisoma, akalikunja, akaliweka chini ya sahani yangu, akaendelea kumenya viazi. Bora angenitukana.

4. Yaliyomo kwenye jibu hilo, ambayo nayakataa yote isipokuwa sentensi moja.

(a) Mnasema bima yangu ya maisha itaendelea kama ilivyo, kwa kuwa mkataba ulishafungwa na mimi nilikuwa mzima. Hivi mnajisikia? Mlimwandikisha mtu wa figo mbili. Kiwandani, mashine yenye mota mbili nikiing'oa moja bila kuwaambia, mnatuma wakaguzi watatu na mmoja wao anapiga picha. Mimi natoa taarifa mapema, kwa maandishi, kwamba nang'olewa kipuri, na ninyi mnanitakia heri.

(b) Mnasema gharama za vipimo vyangu, za upasuaji na za kurudi kliniki zinabebwa na bima ya afya ya anayepokea, yaani dada, na kwamba ya kwangu haiguswi. Nani aliwaambia mpange vizuri hivyo? Nilikuwa nimejiandaa kusema ninaihurumia bima.

(c) Mnasema watoaji wengi huishi miaka mingi na figo moja bila tatizo. Sikuuliza.

(d) Ukurasa wa pili, aya ya mwisho, mmeandika: "Hata hivyo, mteja atakayeomba bima mpya ya maisha baada ya kutoa figo anaweza kutakiwa kusubiri, kuleta vipimo zaidi, au kulipa ada ya juu." Sentensi hiyo niliisoma mara saba. Niliipigia mstari kwa wino mwekundu. Aliyeiandika naomba apandishwe cheo.

5. Wakala wenu. Nikiwa na sentensi hiyo mfukoni nilimkimbilia wakala wenu wa pale karibu na kituo cha mafuta, yule anayevaa tai fupi, nikamwomba fomu ya bima mpya. Akafurahi. Akauliza, si unayo tayari? Nikamwambia ninayo, hii nataka mnikatalie, nipate karatasi ya kuonyesha nyumbani. Kalamu akaiweka chini. Akaniambia ameombwa na wateja mambo ya kila aina, kuvumiliwa, kusamehewa, kuharakishiwa, ila kukataliwa hajawahi kuombwa na mtu. Kisha akanikatalia kunikatalia. Hoja yake ni kwamba figo bado ninayo, kwa hiyo kwa leo mimi ni mteja safi kabisa, nirudi baada ya Jumatatu.

Baada ya Jumatatu, Ndugu Meneja! Baada ya Jumatatu nitakuwa nimeshapasuliwa, karatasi nitamwonyesha nani? Akanisindikiza hadi mlangoni ameniwekea mkono begani. Nilitamani kumuuma.

6. Kalamu yenye nembo yenu mliyoiambatisha kwenye barua haiandiki.

7. Uongozi wa kiwanda. Hili si kosa lenu moja kwa moja, ila mmelichangia, kwa kuwa nakala ya barua yenu ilifika kwa mkurugenzi kabla yangu. Nilikuwa nimeshaanza kujenga hoja kwamba bima ya wafanyakazi hairuhusu mtu wa figo moja kufanya kazi nzito. Mkurugenzi akaniuliza kazi yangu nzito ni ipi. Nikafikiri. Nabeba filimbi. Nabeba na ubao wa kuandikia. Akanipa likizo ya wiki nane yenye mshahara, akaitisha watu wote kwenye uwanja wa kupakilia, wakanipigia makofi. Mtunza stoo alitoa machozi. Wamenipa godoro jipya la kupumzikia, aina ile ngumu ya wagonjwa wa mgongo, na wote wameliandikia ujumbe kwa kalamu ya wino. Mmoja ameandika: "Wewe ndiye mfano wetu." Sasa hapo mimi nifanyeje? Nililibeba godoro hadi nyumbani nikiinamisha kichwa, na watu njiani wakadhani ni uzito.

8. Udanganyifu. Ninaona mnakaribia kuniuliza: kama figo si sababu ya kufuta bima, tutumie sababu gani? Nimewatafutia. Ukurasa wa tatu wa fomu niliyojaza nilipojiunga nanyi miaka mitano iliyopita mnauliza kundi la damu. Niliandika B. Kipengele chenu cha kumi na nne kinasema taarifa ya uongo inabatilisha mkataba mzima. Basi nimejileta mwenyewe, sina haja ya kutafutwa. Mimi ni mdanganyifu. Ushahidi ni kitambulisho changu upande mmoja na majibu ya hospitali upande wa pili, na shahidi wangu ni yule muuguzi wa miwani ya kamba.

Na ikiwa hilo halitoshi, ukurasa wa tano mnauliza: "Je, una ugonjwa wowote wa muda mrefu?" Nikaandika sina. Si kweli. Nina woga. Ninao tangu nikiwa na umri wa miaka saba, umekomaa, hauna dawa, na dalili zake ni magoti kulegea, mdomo kukauka na kutoa hotuba. Niliuficha makusudi. Huo ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba, na kwa sheria zenu wenyewe mnapaswa kunitupa nje mara moja bila kunirudishia hata kalamu. Afadhali majirani waambiwe nimefutiwa bima kwa utapeli. Utapeli una heshima yake. Mtu anaonekana ana akili. Lakini kuambiwa kwamba Kofia Ngumu, mtu anayewapigia wenzake filimbi kila asubuhi, amekimbia sindano, hiyo ni aibu ya kuhama mtaa.

9. Dada. Hili siliweki kama malalamiko. Nimeliwekea namba kwa mazoea.

Dada yangu hushona mapazia. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minne na mimi sita, na tangu siku hiyo aliyenilea ni yeye. Siku watu wa chanjo walipokuja shuleni nilijificha ndani ya kabati la ramani. Yeye ndiye aliyetolewa darasani kwake aje anitoe. Hakunivuta wala kunikaripia. Alimwomba muuguzi amchome yeye kwanza, ilhali darasa lake lilikuwa halijaitwa, akashika mkono wangu wakati sindano inaingia kwenye wake, akanitazama usoni akitabasamu, mtoto wa watu, na mimi naona kabisa machozi yanamlengalenga.

Sasa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anafungwa kwenye mashine kwa saa nne nzima. Akitoka hapo hawezi hata kupanda ngazi zake mwenyewe. Shemeji humshika kiuno wakapanda taratibu. Mapazia ya wateja yamekunjwa pembeni ya kitanda chake, mengine bado yana pini. Mishipa ya mkono wake imeanza kukataa mashine. Daktari alituita, akatuambia bila kuzungusha maneno kwamba mashine haitambeba muda mrefu, na kwamba mtu mwingine wa kumpa figo hayupo. Najua. Msidhani sijui. Ninaandika barua hii yote nikijua hivyo, na bado siachi. Mtu wa namna gani huyo? Hata mimi nisingempa bima.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kukaa naye kwenye mashine, nikamweleza habari ya bima, kwamba wataifuta, kwamba ndivyo sheria zilivyo, kwamba roho inaniuma. Alinisikiliza. Kisha akaniuliza kama nimekula. Jibu lenu la jana bado sijamwambia, nasubiri kwanza nione ninyi mtasemaje kwa barua hii.

Kwa hayo yote ninaomba yafuatayo, na nimejitahidi kuwapunguzia kazi. Nimeambatisha barua ambayo nimeshaiandika kwa niaba yenu. Inaanza, "Ndugu Mteja, kwa masikitiko makubwa tunakujulisha kwamba endapo utatoa kiungo chochote cha mwili wako, ikiwemo figo, bima zako zote zitakoma siku hiyo hiyo, na watoto wako pia." Mnaweza kupunguza hapo kwenye watoto mkiona imezidi. Kinachotakiwa kwenu ni sahihi na muhuri tu. Iletwe mikononi mwa mke wangu, kliniki ya meno, mapokezi, wakati kuna wagonjwa wengi ili asiisome kwa makini. Hospitali natakiwa kulazwa Jumapili mchana, kwa hiyo Jumamosi itafaa, Ijumaa itafaa zaidi.

Msalimieni dada wa mapokezi yenu ambaye hunikaribisha maji kila ninapoleta fomu za ajali. Msalimieni mlinzi wa mlangoni, mwambieni mguu wangu niliojikwaa kwenye ngazi yenu umepona, sikuutolea fomu kwa aibu. Mhandisi wenu wa ukaguzi asalimiwe, pamoja na yule mzee wa masijala anayejua faili langu lilipo bila kutazama. Wakala wa tai fupi msimsalimie.

Ni mimi, mteja wenu ninayesubiri kwa hamu mabaya kutoka kwenu,

(sahihi yenye mkia)
Afisa Usalama, Kiwanda cha Magodoro

N.B. Alhamisi, saa nane mchana. Bahasha nilikuwa sijaifunga, na sasa naomba msitekeleze hata neno moja la hapo juu.

Shemeji alinipigia simu asubuhi hii nikiwa kiwandani. Yule mtu wa maneno machache alizungumza mpaka sauti ikamkatika. Dada amewaambia madaktari walifute jina lake kwenye orodha ya Jumatatu. Walipomuuliza sababu, akasema ni bima ya mdogo wake. Mdogo wake ana watoto, na yeye hawezi kuona watoto wa mdogo wake wanapokonywa kinga kwa ajili yake, ameshaishi vya kutosha.

Ndugu Meneja, katika watu wote hakuna aliyeniamini. Mke wangu hakuniamini, wakala wenu hakuniamini, hata mimi mwenyewe sikujiamini. Dada peke yake ndiye aliyeniamini.

Nilikimbia. Nilichukua jibu lenu, lile lenye mstari mwekundu, nikaingia wodini nikihema, na yeye yuko kwenye mashine. Nikamsomea lote, nikamwonyesha nembo. Alilichukua kwa mkono wake mmoja unaoweza kusogea, akalitazama, akanitazama mimi, akatabasamu. Akasema, "Umeliandika wewe hili. Wewe na barua nani asiyewajua?" Nikaapa. Akasema niache kuapa wodini. Nikamwambia ukweli, jamani, nikamwambia wote: kwamba niliogopa, kwamba bima haina tatizo na haikuwahi kuwa nalo, kwamba nilimdanganya akiwa amelala palepale. Akazidi kunipapasa mkono. Akasema ndivyo nilivyo tangu utoto, nikiamua kumsaidia mtu najisingizia hata ubaya ili akubali. Akaniambia nirudi nyumbani kwa wanangu. Kadiri nilivyokiri ndivyo alivyozidi kuniona mtu mwema, na mashine inaendelea kuzunguka, na mimi nalia kama mtoto mbele ya wagonjwa sita.

Daktari amekubali kulishikilia jina lake hadi Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo chumba cha upasuaji atapewa mwingine.

Kwa hiyo naileta barua hii kwa mkono, na nitakaa mapokezi kwenu mpaka mtu atoke. Simtaki tarishi. Nataka uje wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, uje na kitambulisho chako cha kazi na muhuri, na yule wakala wa tai fupi umlete pia, nimwombe radhi njiani. Ile barua niliyowaandikia niliyoiambatisha ichaneni. Habari ya udanganyifu wa kundi la damu nifungulieni kesi wiki ijayo, nitakuwa kitandani, nitapatikana kwa urahisi. Barua hii nyingine pigeni muhuri wa kupokelewa kila ukurasa, kisha mje mkamsomee yote, namba kwa namba, kuanzia ya kwanza. Msiruke kitu kwa kunihurumia. Ni lazima asikie kutoka kwa mtu asiye ndugu kwamba bima yangu ni nzima na kwamba mdogo wake ni mwoga na mwongo.

Yuko wodi ya mashine, kitanda cha dirishani. Akiwauliza kama bado naogopa, mwambieni ndiyo, naogopa sana, na Jumapili nakuja hivyo hivyo.